Riwaya ya binti yangu iliyonikesha

Jioni moja nilimsikia binti yangu, mwanafunzi wa shule ya upili, akimsimulia mwenzake kwa simu: "Maji wote waliuawa na mfalme." Kwa mazoea ya kazi yangu ya kufundisha isimu, sikuweza kujizuia. Nilimkatiza na kumkumbusha kwamba maji hayauawi, na hata kama yangeuawa, nomino hiyo imo katika ngeli ya YA-YA, si ya A-WA. Akacheka. "Baba, hawa maji ni watu," akanijibu, kisha akanikabidhi kitabu chenyewe.

Kilikuwa riwaya ya Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Kinaijeria, iitwayo Children of Blood and Bone, iliyochapishwa mwaka wa 2018. Nilikichukua kwa nia ya kukikagua, wala si ya kukifurahia. Hadithi za vijana zinazochanganya uchawi na mapenzi nilikuwa nimekwisha kuzihukumu kuwa ni porojo za kumpotezea mwanafunzi wakati. Lakini nilipofika ukurasa wa mwisho, matatu za alfajiri zilikuwa zimeanza kupiga honi barabarani.

Maji wa riwaya hii ni watu waliojaliwa nguvu za miungu. Mfalme Saran amewaangamiza, na miongoni mwa waliouawa ni mama yake Zélie, msichana wa kijiji cha wavuvi. Miaka 11 baadaye, Amari, binti wa mfalme huyo, anatoroka ikulu akiwa na hati ya kale inayoweza kuzirejesha nguvu hizo, na Zélie anajikuta akimwokoa. Anayewaandama ni Inan, mrithi wa kiti cha enzi, ambaye anagundua kwamba yeye mwenyewe anazo nguvu zile zile alizoapa kuzifuta. Inan na Zélie wanakutana ndotoni, na huko ndiko chuki inakoanza kugeuka kuwa pendo.

Naam, pendo hilo linachipuka upesi mno kwa umri wangu mimi. Hata hivyo, swali lake si la kitoto: je, mtu aweza kumpenda mwana wa nyumba iliyomuua mama yake kabla haki haijatendeka? Adeyemi ameeleza kwamba alisukumwa kuandika na uchungu wa kuona Wamarekani weusi wakiuawa na polisi. Uchawi wa hadithi yake, basi, haumkimbizi kijana kutoka duniani, bali humrudisha akiwa na macho mapya.

Kuna jambo jingine lililonigusa kama mwanaisimu. Riwaya imeandikwa kwa Kiingereza, lakini maji wanapotamka maneno ya kuamsha nguvu zao, husema Kiyoruba. Binti yangu aliyakariri maneno hayo, ingawa toni tatu za lugha hiyo zilimshinda. Hakuna aliyemwahidi alama. Alivutwa na imani ya mwandishi kwamba lugha ya Kiafrika yaweza kubeba nguvu za miungu. Ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wanaokariri Kiswahili kwa hamu kama hiyo?

Wala tusiseme kwamba hadithi za aina hii ni ngeni kwetu. Mwaka wa 1952 Shaaban Robert alitupa Adili na Nduguze, hadithi yenye jini, watu waliogeuzwa mawe, ndugu waliogeuzwa manyani, na uchumba wa Adili na Mwelekevu uliokatizwa na husuda. Lakini tukiingia nacho darasani, aghalabu tunakimbilia dhamira, maudhui na tamathali za usemi, na kusahau kumwachia mwanafunzi nafasi ya kuogopa, kucheka na kutamani wapendanao wakutane tena. Tunamfunza kuichambua raha ambayo hatukumruhusu kuionja.

Nami sijitoi katika lawama hii. Nilipokuwa mwalimu wa sekondari, niliwahi kumnyang'anya msichana mmoja riwaya ya mapenzi aliyoificha chini ya dawati. Niliifungia kabatini hadi muhula ukaisha, bila ya kuisoma hata ukurasa mmoja. Jina la kitabu nimelisahau, lakini uso wa yule msichana sijausahau. Hakulia, ila tangu siku ile sikumwona tena na kitabu kisichokuwa cha mtihani. Nilidhani nimemrekebisha, kumbe nilikuwa nimemfunga mlango.

Ndugu walimu, saa za masomo zina heshima yake, na sisemi kitabu cha hadithi kichukue nafasi ya somo. Ila tutakapokifumania tena chini ya dawati, tukihifadhi hadi kengele ilie, kisha tumrudishie mwenyewe kwa mkono wetu na kumuuliza, "Umefika wapi?"