Jumba la Maonyesho la Melbourne

Neno maonyesho lina nasaba iliyo wazi: kuona huzaa kuonya, na kuonya huzaa kuonyesha. Leo kuonya ni kutahadharisha, lakini asili yake ni kumfanya mtu aone. Maonyesho, basi, ni jambo la kitambo: kitu huwekwa mbele ya macho, nacho kikiisha kutazamwa huondolewa. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya mataifa makubwa. Kati ya mwaka 1851 na 1915 yalifanywa maonyesho ya kimataifa zaidi ya 50, na miji ikajenga majumba ya kuweka mitambo, vitambaa na mazao ya mashamba. Shughuli ikiisha, mengi yalibomolewa. Mengine yaliteketea kwa moto, kama lile la Sydney mwaka 1882, na Jumba la Kioo la London mwaka 1936.

Twauliza basi, kwa nini jumba la Melbourne, katika nchi ya Australia, lingali limesimama? Jumba hilo limo katika bustani ya Carlton. Ramani yake ilichorwa na Joseph Reed, nalo likafunguliwa tarehe 1 Oktoba 1880. Kuta zake ni za matofali, na kuba yake yafuata mfano wa kuba ya kanisa kuu la Florence. Mabanda ya muda yaliyoungana nalo yaliondolewa, bali ukumbi mkuu ulijengwa ili udumu.

Lakini uimara wa kuta si sababu pekee. Jumba hili halikukosa kazi. Tarehe 9 Mei 1901 Bunge la kwanza la Australia nzima lilifunguliwa humo. Mwaka 1919, homa ya mafua ilipoenea, wagonjwa walilazwa humo. Wanafunzi wa chuo kikuu nao wamefanyia mitihani humo.

Hata hivyo lilikaribia kupotea. Mwaka 1948 madiwani wa mji walipiga kura kama libomolewe, likaokoka kwa kura chache tu. Mwaka 1979 ukumbi wa dansi ulibomolewa. Watu wakanung'unika sana, na katika miaka iliyofuata jumba likatengenezwa upya. Mwaka 2004 UNESCO ililiandika, pamoja na bustani yake, katika orodha ya urithi wa dunia.

Hivyo jumba lililojengwa ili kuonyesha vitu, leo lenyewe ndilo litazamwalo. Nalo latuonya pia, kwa maana ya leo ya neno hilo: kilichodumu miaka mingi chaweza kuondolewa kwa kura moja ya siku moja.