Kwanza Bei, Karatasi Baadaye

Mteja mpya anapofika kwa mhasibu mjini Kamina, ni nadra aanze kwa kueleza shida yake. Huanza na bei. "Papa, kodi ya mwaka unanifanyia kwa ngapi?" Bado amesimama mlangoni, begi mkononi, na huenda ameshapita kwa wahasibu wawili kabla ya huyu. Akitajiwa kiasi, jibu analo tayari: kuna kijana karibu na gare, kituo cha treni, anaifanya kwa nusu.

Hakuna wa kumlaumu. Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami nchini Kongo (DRC) tangu jimbo la Katanga ligawanywe mwaka 2015, ni mji wa reli. Njia inayotoka Bukama kwenda Ilebo inapita hapa tangu 1928, na tawi la kuelekea Kabalo likaongezwa 1956. Bidhaa za jumla kutoka Lubumbashi, mahindi ya vijijini, samaki wakavu, vyote hupata bei baada ya maneno mengi. Mtu aliyeshinda asubuhi nzima akibishania gunia la mahindi haoni kwa nini karatasi ziwe na heshima ya pekee. Ila gunia hufunguliwa, mtu akachota punje, akazitazama na kuzing'ata. Kazi ya mhasibu haing'atwi, na kasoro yake yaweza kujitokeza miaka miwili baadaye, siku wakaguzi wanapobisha hodi.

Wenye uzoefu katika kazi hii hawakasiriki wanapoulizwa bei. Wanajua pia kwamba hawawezi kuitaja kabla ya kujua wanaambiwa wafanye nini.

Chanzo cha ugumu huo ni sheria yenyewe. Tangu mageuzi ya Machi 2003, kodi nchini Kongo husimama juu ya tamko la mlipaji: yeye ndiye anayejitangazia mauzo yake na kukokotoa deni lake, kisha serikali hukagua. Mpango wa biashara ndogo uliotolewa Februari 2013 ukachora mistari mitatu. Aliye na mauzo yasiyozidi faranga milioni 10 kwa mwaka alitakiwa alipe kodi ya mkupuo ya faranga 50,000. Aliye kati ya milioni 10 na milioni 80 akapangiwa asilimia 1 ya mauzo kama anauza bidhaa, au asilimia 2 kama anatoa huduma. Kuanzia milioni 80 mambo yalibadilika kabisa: vitabu kamili, na kodi ya ongezeko la thamani (TVA) ya asilimia 16 inayotangazwa kila mwezi, mwisho tarehe 15 ya mwezi unaofuata.

Tuchukue, kwa viwango vya mpango huo, akina mama wawili wa soko moja. Wa kwanza anauza samaki wakavu, peke yake, mauzo ya milioni 8 kwa mwaka. Kodi yake ni 50,000, fomu yake ni fupi, na mhasibu akimwomba malipo yanayolingana na kodi hiyo, mama atacheka na kuondoka, na atakuwa na haki. Wa pili ana duka la vifaa vya ujenzi, mauzo milioni 60, vijana watatu wa kuajiriwa. Asilimia 1 ni faranga 600,000. Juu yake kuna kodi ya mishahara inayotangazwa mara 12 kwa mwaka, na michango ya hifadhi ya jamii (CNSS) ambayo mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza 13. Wote wawili wameuliza swali lile lile kwa maneno yale yale. Anayewapa jibu moja, ama anamwibia wa kwanza ama hajui anachomwahidi wa pili.

Kuna na mtego ambao wateja wengi hawauoni. Mwaka 2013 dola moja ilibadilishwa kwa faranga 920 hivi, kwa hiyo milioni 10 zilikaribia dola 11,000. Kufikia 2024 dola ilikuwa imezunguka faranga 2,800, na milioni zile zile zikawa chini ya dola 4,000. Mwenye duka ambaye rafu zake hazijaongezeka hata moja alijikuta amevuka mstari kwa sababu faranga imeshuka thamani, si kwa sababu yeye ametajirika. Anakuja kwa mhasibu akidai bei aliyolipa zamani, alipokuwa wa mkupuo, wakati kazi yake imeshahamia daraja la juu. Hapo mabishano si ya ada tena. Mhasibu analazimika kumweleza kwanza habari ambayo hakuitaka.

Ndiyo maana jibu la kawaida la mhasibu mzuri ni maswali matatu au manne. "Mama, kwanza keti. Unauza nini? Kwa mwezi unaingiza kama ngapi? Una wafanyakazi? Mwaka jana ulitangaza wapi, na karatasi yake unayo?" Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Asiye na karatasi ya mwaka jana huenda ana deni la mwaka jana, na kazi ya kulitafuta deni hilo haimo katika bei aliyoitaja jirani. Dakika tano za maswali hayo humpa mhasibu kipimo, na humfanya mteja aanze kuhesabu biashara yake mwenyewe. Wengine hushangaa kusikia mdomo wao ukitaja mauzo makubwa kuliko walivyodhani.

Si kila mtu hupitia njia hiyo. Wako wanaotangaza bei waziwazi, na mtindo huo una historia ndefu. Mwaka 1955, ofisi ya kodi ya Marekani ilipoacha kuwajazia watu fomu bure mjini Kansas City, ndugu wawili wa familia ya Bloch walitoa tangazo gazetini: kodi yako kwa dola 5. Foleni ikajaa, na kampuni ya H&R Block ikazaliwa. Bei moja iliwezekana kwa sababu wateja wao walikuwa wanafanana: mshahara mmoja, fomu moja.

Kenya inafanana na hali hiyo kuliko Kongo. Kila Juni, tarehe 30 inapokaribia, maduka ya saiba hubandika bango la kujaza ritani, hasa ile ya sifuri ya mtu asiye na kipato. Ni kazi ya dakika chache kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, na faini ya mtu binafsi anayechelewa huanzia shilingi 2,000, kwa hiyo bei ndogo ya saiba haina mpinzani. Shida huanza pale mwenye mshahara anapojaziwa sifuri kwa kuwa hakuna aliyemuuliza kama ameajiriwa. Amelipa bei ya chini kabisa kununua taarifa ya uongo yenye jina lake, na nywila yake imebaki kwa mtu asiyemjua.

Mteja anapoendelea kuvuta bei chini, mbinu inayofaa zaidi ni ile wachuuzi wanayoijua: hupunguzi bei bure, unapunguza mzigo. Mhasibu humwambia, nitashuka, lakini wewe utazipanga karatasi. Stakabadhi za usafirishaji zikae kivyake, ankara za Lubumbashi kivyake, ujumbe wa M-Pesa na Airtel Money unakiliwe kwenye daftari kwa tarehe. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya ada haitokani na fomu. Inatokana na mfuko wa plastiki uliojaa vikaratasi vilivyofifia, vingine vya dola, vingine vya faranga, vingine havina tarehe, ambavyo mtu lazima aketi avisome kimoja kimoja.

Tanzania imeliandika somo hili kwenye sheria yenyewe. Kwa Sheria ya Fedha ya 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 alilipa 100,000 kama hana kumbukumbu. Akiwa nazo, alilipa asilimia 3 ya kile tu kinachozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 na daftari lake mkononi akadaiwa shilingi 30,000. Mwenzake wa kibanda cha pili, mauzo yale yale bila daftari, 100,000. Kwa hesabu hiyo, mshauri wa kodi anaweza kuonyesha ada yake inatoka wapi bila kujisifu. Mpango wa Kongo wa 2013 haukuwa na ngazi kama hiyo kwa wa mkupuo, na pengine ndiyo sababu wahasibu wa Kamina hupata taabu zaidi kumshawishi muuza samaki kwamba daftari lina faida.

Halafu kuna mshindani asiye mhasibu: anayejua watu. Huyu hana maswali. Husema bei papo hapo, tena ya chini, na ahadi yake ni kwamba mambo yatanyamazishwa. Kinachouzwa hapo ni urafiki na mtu wa ofisini, na mtu huyo akihamishwa, mteja hubaki bila rafiki na bila karatasi. Kushindana naye kwa bei ni kazi bure. Wahasibu wenye busara huuliza jambo moja tu: alikupa uthibitisho wa benki? Kodi ya serikali hulipwa kwenye akaunti ya Hazina, na malipo yasiyoacha alama ya benki ni vigumu kuyatetea mbele ya mkaguzi. Tangu sheria ya Februari 2015 iunde Ordre National des Experts-Comptables, chama cha kitaifa cha wataalamu wa hesabu, mteja anaweza pia kumuuliza yeyote anayejiita mtaalamu kama amesajiliwa huko.

Hata Marekani, ambako Wakongo wengi wamehamia, hatari ni ile ile. IRS, ofisi ya kodi ya huko, kila mwaka huwaonya watu wajihadhari na watayarishaji "mizimu", wanaojaza fomu kwa malipo lakini hawaweki saini wala namba yao, na wale wanaodai asilimia ya pesa itakayorudishwa. Anayelipwa kwa asilimia ana kila sababu ya kuikuza namba, na anayetia saini chini ni mteja.

Kuna wateja wa kuachiwa waende. Aliyezunguka kwa wahasibu wanne akibandua mia tano hapa na elfu pale mara nyingi ndiye atakayechelewesha karatasi, ndiye atakayebishia na malipo ya mwisho. Mhasibu humuaga kwa adabu, tena humtajia mwenzake wa bei nafuu kama anamfahamu kuwa mwaminifu. Mji ni mdogo na maneno hutembea. Baadhi yao hurudi. Hurudi Aprili, siku chache kabla ya tarehe 30 ambayo tamko la kodi ya faida ya mwaka hufungwa, wakiwa na fomu iliyojazwa nusu na mtu ambaye simu yake haipokelewi. Bei ya siku hizo ni nyingine. Nusu hulipwa kabla karatasi hazijafunguliwa, na nusu nyingine siku mteja anapokabidhiwa nakala yenye muhuri wa DGI, idara ya kodi, pamoja na hati ya benki.