Kutoka Rejesta ya Zahanati hadi Meza ya Maamuzi: Ghala la Data na Kazi Yake

Taasisi yoyote inayohudumia watu wengi, iwe benki, shirika la umeme, duka kubwa au hospitali, huandika kumbukumbu kila saa, lakini kuandika kumbukumbu ni jambo moja na kuelewa kinachoendelea ni jambo jingine. Mfumo wa benki unaojua kwa uhakika salio la kila mteja huweza kushindwa kueleza kwa nini amana za tawi zima zimepungua kwa miezi sita mfululizo, na zahanati yenye rejesta iliyojazwa vizuri huweza isijue kama watoto wa kata yake wanakamilisha chanjo au wanaishia dozi ya kwanza. Pengo hilo ndilo linalozibwa na vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. Cha kwanza ni ghala la data, yaani hifadhidata kubwa inayokusanya kumbukumbu kutoka mifumo mbalimbali na kuzipanga ili ziweze kuulizwa maswali. Cha pili ni zana za ripoti, yaani programu zinazoliuliza ghala hilo maswali na kuonyesha majibu kwa majedwali, chati na ramani. Mfumo wa taarifa za afya wa Afrika Mashariki unatoa mfano mzuri wa kazi hiyo, na unathibitisha kwamba ghala lolote hupata thamani yake kutokana na makubaliano juu ya maana ya kila namba na uangalifu wa mtu anayeiandika.

Chimbuko la wazo

Fikra ya kuitumia kompyuta kuwasaidia viongozi kuelewa shughuli zao ina umri mkubwa kuliko intaneti. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn, mtafiti wa kampuni ya IBM, alichapisha makala iliyopendekeza mfumo wa kuifikisha kila taarifa kwa mtu anayeihitaji katika taasisi. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, naye wa IBM, alieleza nadharia ya kupanga data katika majedwali yanayohusiana, ambayo hadi leo ndiyo msingi wa hifadhidata nyingi. Mwaka 1988 Barry Devlin na Paul Murphy waliandika juu ya muundo wa ghala la data la biashara, na mwaka 1992 Bill Inmon alitoa kitabu kilicholipa ghala hilo sifa nne ambazo wataalamu bado wanazitaja: data hupangwa kwa mada, huunganishwa kutoka vyanzo vingi kwa lugha moja, hubeba historia ya miaka, na hazifutwi wala kubadilishwa ovyo zikishaingia.

Sababu ya kutenganisha ghala na mifumo ya kila siku ni ya kiutendaji. Mfumo wa kaunta umeundwa kupokea miamala midogo mingi kwa kasi, mteja mmoja baada ya mwingine, ilhali swali la mchambuzi, kwa mfano mauzo ya sukari kwa kila mkoa katika miaka mitano, hulazimu kompyuta isome mamilioni ya safu kwa mara moja. Kazi hizo mbili zikifanywa kwenye hifadhidata moja, karani hukwama akimsubiri mchambuzi, na mchambuzi hupata namba zinazobadilika kila anaporudia swali lake, kwa kuwa miamala mipya haikomi kuingia.

Yaliyomo ndani ya ghala

Ralph Kimball, ambaye kitabu chake cha mwaka 1996 kilienea sana miongoni mwa wajenzi wa maghala ya data, alipendekeza mpangilio unaoitwa nyota. Katikati hukaa jedwali la matukio, lenye namba zinazoweza kujumlishwa, kama kiasi cha fedha au idadi ya dozi, na kulizunguka hukaa majedwali ya vielezo, yanayosema tukio hilo lilihusu nini, lilitokea wapi na lini. Mtumiaji anapotaka chanjo kwa wilaya na kwa mwezi, zana ya ripoti huchukua namba za katikati na kuzikusanya kwa kufuata vielezo hivyo, na akitaka kushuka kutoka mkoa hadi wilaya, kisha hadi kituo kimoja, hushuka kwa njia ileile.

Kabla ya yote hayo mjenzi hutakiwa kuamua kiwango cha undani, yaani safu moja ya jedwali la matukio inawakilisha kitu gani hasa. Safu ikiwa ni jumla ya kituo kwa mwezi mzima, ghala litajibu maswali ya mwezi na kituo, lakini halitaweza kusema ni mtoto yupi aliyekosa dozi ya tatu. Uamuzi huo hufanywa mwanzoni na ni mgumu kuurekebisha baadaye, kwa sababu undani ambao haukuingizwa ghalani hauwezi kuzalishwa na programu yoyote ya ripoti, hata iwe ya bei kubwa kiasi gani.

Data hufika ghalani kwa hatua tatu, ambazo ni kuchota kutoka kwenye vyanzo, kusafisha na kugeuza, kisha kupakia. Hatua ya kati ndiyo inayokula muda na subira ya wahusika. Mfumo mmoja huandika jinsia kwa herufi na mwingine kwa tarakimu; mmoja husoma 03/04 kuwa tarehe 3 Aprili na mwingine kuwa tarehe 4 Machi; kituo kilekile huitwa kwa majina mawili katika idara mbili. Tofauti hizi zisipotatuliwa kabla ya kupakia, ripoti hutoka ikiwa nadhifu na yenye makosa, na unadhifu wake huwafanya wasomaji waiamini zaidi kuliko inavyostahili.

Mfano wa afya Afrika Mashariki

Nchini Tanzania taarifa za huduma za afya hukusanywa kupitia MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mhudumu wa zahanati hujaza vitabu vya wagonjwa wa nje, wajawazito, watoto na huduma nyingine, na mwisho wa mwezi hujumlisha yaliyomo katika fomu za taarifa, ambazo huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Mfumo huo ulitokana na kazi ya utafiti iliyoanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na leo unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, kwa kushirikiana na wataalamu wa nchi nyingi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kenya ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2011 kupitia seva ya kitaifa, na sasa unatumika katika zaidi ya nchi 70.

Muundo wa DHIS2 unaifuata kanuni ya ghala la data kwa uwazi, kwa maana kila namba iliyomo ina vielezo vitatu visivyokosekana: ni ya kitu gani, ya kituo kipi, na ya kipindi gani. Kwa kuwa mfumo huohuo hupokea data na kuzichambua, majedwali ya uchambuzi hutayarishwa kando, mara nyingi usiku, ili anayefungua ramani ya wilaya asubuhi asiwacheleweshe wanaoingiza taarifa. Ndiyo maana namba iliyoingizwa mchana huweza isionekane kwenye chati hadi kesho yake, jambo ambalo watumiaji wapya hulichukulia kuwa hitilafu.

Ugumu halisi hujitokeza pale nchi yenyewe inapobadilika. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, na kwa siku moja vituo vya Tunduma, Mbozi na Ileje vikawa vya mkoa mwingine. Ghala likibadilisha tu jina la mkoa katika orodha ya vituo, takwimu za nyuma nazo huhamia Songwe, na ripoti ya Mbeya ya mwaka 2014 ikitolewa upya hupungua bila ya tukio lolote la kiafya kutokea. Ghala likihifadhi safu mbili za kituo kilekile, moja ikiwa na mkoa wa zamani na tarehe zake, nyingine ikiwa na mkoa mpya, historia hubaki kama ilivyokuwa, lakini mlinganisho wa mkoa kwa miaka kumi huhitaji maelezo ya ziada. Kenya ilikabiliwa na swali kama hilo mwaka 2013, kaunti 47 zilipoanza kazi baada ya mfumo wa mikoa na wilaya. Njia zote mbili ni sahihi kwa makusudi tofauti, na kosa ni kuichagua mojawapo kimyakimya bila kumwambia msomaji wa ripoti.

Namba inayogawanya

Viashiria vingi vya afya ni asilimia, na asilimia ina namba mbili. Ya juu hutoka kwenye rejesta, yaani watoto waliochanjwa. Ya chini, yaani watoto waliopaswa kuchanjwa, kwa kawaida hutoka kwenye makadirio ya sensa. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 44.9, na ya mwaka 2022 ikahesabu wapatao milioni 61.7; katika miaka yote ya katikati mipango ilitegemea makadirio. Wilaya ambayo watu wake wameongezeka kuliko ilivyokadiriwa, au ambayo akina mama wa wilaya jirani huleta watoto wao kwenye vituo vyake, huweza kuonyesha chanjo inayozidi asilimia 100. Namba hiyo haina maana kwamba mhudumu amedanganya, kwani mara nyingi kilichopitwa na wakati ni kigawanyo.

Mchambuzi makini hutafuta kipimo kisichotegemea makadirio hayo. Kituo kilichotoa dozi ya kwanza ya chanjo ya Penta kwa watoto 200 na dozi ya tatu kwa watoto 170 kimepoteza watoto 30, yaani asilimia 15, na hesabu hiyo yote imetoka katika kumbukumbu za kituo chenyewe. Kwa kipimo hicho mganga mfawidhi anaweza kuchukua hatua wiki hiyohiyo, kwa kuwatuma wahudumu wa jamii wawafuatilie watoto hao nyumbani.

Tofauti kati ya sifuri na nafasi tupu nayo inastahili uangalifu wa aina hiyo. Kituo kilichoandika sifuri kwenye malaria kimesema hakikupata mgonjwa, ilhali kituo ambacho hakikuleta fomu hakijasema lolote, na ripoti inayozichanganya hali hizo mbili huweza kuonyesha kwamba ugonjwa umepungua katika mwezi ambao kilichopungua ni uletaji wa taarifa. Kwa hiyo kila chati ya wagonjwa ingefaa iambatane na kiwango cha ukamilifu, yaani ni vituo vingapi, kati ya vilivyotarajiwa, vilivyowasilisha taarifa.

Zana za ripoti na mipaka yake

Soko la zana za ripoti limekua sana. Tableau ilianzishwa mwaka 2003, Power BI ya Microsoft ilifunguliwa rasmi kwa umma mwaka 2015, na zipo programu huria zinazoweza kutumiwa bila malipo ya leseni. Zana hizi humwezesha mtu asiye mtaalamu wa kompyuta kutengeneza dashibodi, yaani ukurasa mmoja unaoonyesha viashiria vikuu kwa pamoja, na urahisi huo umewapa maofisa wa kawaida uwezo ambao zamani ulikuwa wa idara ya kompyuta peke yake.

Urahisi huo una gharama yake. Maofisa wawili wakiweza kila mmoja kutengeneza ripoti yake, kila mmoja anaweza pia kuweka fasili yake ya neno moja, kwa mfano mteja hai: kwa mmoja ni aliyefanya muamala ndani ya siku 30, kwa mwingine ni ndani ya siku 90. Wakikutana kikaoni na namba mbili, muda wa kikao huishia kwenye ubishi juu ya namba ipi ni ya kweli, na uamuzi uliokusudiwa hauchukuliwi. Tiba yake ni kamusi ya data ya taasisi, inayoandika kila kiashiria, fomula yake, chanzo chake na mtu anayewajibika nacho, pamoja na nidhamu ya kuweka fomula hizo ghalani badala ya kila ofisa kuwa na yake.

Jambo jingine lisiloweza kuachwa ni faragha. Kadiri undani wa ghala unavyoongezeka hadi kufikia mgonjwa mmojammoja, ndivyo hatari ya kufichua siri zake inavyokua, na hata jumla ndogo, kama mgonjwa mmoja wa ugonjwa fulani katika kijiji kimoja, hutosha kumtambulisha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili huziweka taarifa za afya katika kundi linalohitaji ulinzi wa pekee. Anayejenga ghala anapaswa kuamua tangu mwanzo nani aone nini, kwa sababu taarifa ikishavuja haiwezi kurudishwa.

Taasisi inayotaka kufaidika na ghala la data haina budi kuanzia chini. Ikubaliane kwanza juu ya fasili, iwafundishe wanaojaza kumbukumbu, kisha ndipo inunue programu. Msomaji wa ripoti naye, awe diwani, meneja au mwandishi wa habari, aulize mambo matatu kabla ya kuiamini chati yoyote: namba hii inahesabu nini, imegawanywa kwa namba ipi, na ni wangapi hawakuleta taarifa. Na wizara, kampuni na mashirika yarudishe ripoti kwa yule aliyejaza rejesta, zikiwa katika lugha anayoielewa, kwa kuwa mhudumu anayeona namba zake zikitumika kuboresha kituo chake ana sababu ya kuziandika kwa usahihi, na bila yeye ghala zima halina cha kuhifadhi.