Nyuso za Pembeni katika Filamu za Sherlock Holmes

Baina ya mwaka 1939 na 1946 zilitengenezwa huko Marekani filamu 14 za mpelelezi Sherlock Holmes, na katika zote Basil Rathbone, mzaliwa wa Johannesburg, ndiye aliyekuwa Holmes, naye Nigel Bruce akawa sahibu yake, Daktari Watson. Sifa za mabwana hao wawili zimekwisha kuandikwa, wala sina la kuzidisha. Mimi huzirudia filamu hizo kwa ajili ya wachezaji wa pembeni, ambao majina yao aghalabu hayasomwi, ilhali nyuso zao mtu akishaziona hazimtoki moyoni.

Kampuni ya Universal, iliyotengeneza 12 kati ya hizo, haikuwa na israfu: filamu ilikuwa ya saa moja na dakika chache, gharama zake haba, na wachezaji wale wale wakiitwa tena na tena. Mchezaji wa namna hii hana wasaa wa kujieleza. Aingiapo mlangoni tu, kabla hajafumbua kinywa, yampasa mtazamaji atambue kuwa huyu ni bwana mwenye kiburi au mtumishi mwenye siri, na kazi hiyo, kwa rai yangu, ni ngumu kuliko ya mkubwa aliyepewa filamu nzima.

Mtazame Henry Daniell, mwembamba, mwenye macho yasiyocheka. Mwaka 1942 alikuwa mjumbe wa baraza la siri la Uingereza, tukamshuku bure. Mwaka 1943 akarudi akiwa kibaraka wa majasusi. Na mwaka 1945, katika The Woman in Green, akawa Profesa Moriarty mwenyewe, hasimu mkuu wa Holmes. Lionel Atwill naye, kabla ya kuwa Moriarty mwaka 1942, alikuwa Daktari Mortimer katika The Hound of the Baskervilles, mtu asiye na hatia, lakini kwa miwani ile mizito na haiba ile ya kutisha, nani angemwamini? Hapo ndipo ilipo ladha: uso tuliouzoea hutuongoza, na mara nyingine hutupoteza.

Dennis Hoey, aliyekuwa Inspekta Lestrade katika filamu sita, hakumpoteza mtu. Alijigamba, akakosea, tukacheka.

Msomaji atakaye kuanza, na aanze na The Scarlet Claw ya mwaka 1944, na humo amwangalie sana Gerald Hamer. Zaidi ya hapo sisemi.