Msimulizi Asiyejua Mwisho wa Hadithi Yake

Wengi wetu tusikiapo neno mchezo humfikiria mshindi na mshindwa: kandanda uwanjani, bao barazani, karata mezani. Lakini uko mchezo ambao mwenye kazi kubwa kuliko wote hana haja ya kumshinda mtu. Nao ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu.

Asili yake ni michezo ya vita iliyochezwa mezani kwa sanamu ndogo za askari. Katika mchezo huu mpya, badala ya kuongoza jeshi zima, kila mchezaji humwongoza mhusika mmoja tu, mwenye jina, nguvu na udhaifu wake.

Watu wanne au watano huizunguka meza, na mmoja wao huwa msimamizi. Yeye ndiye msimulizi: "Mmefika mlangoni mwa pango. Ndani joka linakoroma. Mnafanya nini?" Mchezaji hujibu apendavyo. Jambo likiwa na mashaka, hurusha dadu yenye pande 20 na kuongeza namba ya ustadi wake. Jumla ikifikia kiwango kilichowekwa, amefaulu.

Je, ugumu wa msimamizi uko wapi? Kwanza, katika maandalizi. Aweza kukesha akichora ramani ya pango, kisha wenzake wakaamua kwenda sokoni kumhoji muuza samaki. Msimamizi mchanga huwaburuta warudi pangoni, nao hugeuka kuwa abiria. Aliyekomaa humpa muuza samaki yule jina, deni na siri, na hadithi ikaendelea.

Pili, watu wenyewe. Mwenye sauti kubwa huwameza wenzake, na mkimya akapitisha jioni nzima bila kuulizwa neno. Ni wajibu wa msimamizi kumgeukia na kumwuliza: "Na wewe, wafanya nini?"

Tatu, haki. Dadu yaweza kumhukumu kifo mhusika aliyetunzwa mwaka mzima. Msimamizi akimwokoa kwa hila, hatari zote zijazo zitakosa maana. Akimwua ghafla, atamvunja moyo mwenziwe. Njia iliyo salama ni kuitangaza hatari kabla dadu haijarushwa, ili mchezaji achague huku akijua.

Baada ya taabu hiyo yote hapana kikombe wala nishani. Malipo yake ni kumwona yule mkimya akivumbua njia ambayo hakuna aliyeiwazia, meza nzima ikashangilia. Sisi tuliolelewa kwa "Paukwa! Pakawa!" twajua kwamba msimulizi asiye na waitikiaji husema peke yake. Hapa waitikiaji huenda mbali zaidi: huigeuza hadithi yenyewe.

Familia itakayo kujaribu haihitaji gharama kubwa, kwani tangu mwaka 2023 sehemu ya kanuni za mchezo huu imeruhusiwa kutumiwa na yeyote bila malipo. Anza na kijiji kimoja, tatizo moja, na watu watatu wenye sababu za kugombana. Andaa mwanzo kwa makini. Mwisho uwaachie wanao. Watauleta wenyewe mezani, nawe utausikia kwa mara ya kwanza pamoja nao.