Jiko la gesi linapogoma mlimani
Basi la Moshi likitoka Mbezi Luis alfajiri, abiria anajipepea. Siku chache baadaye, kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya Kilimanjaro, mtungi kama ule wa kilo 6 unaopikia wali nyumbani unatoa mwali dhaifu. Nyuzi zikifika sifuri, butani hugeuka kuwa mvuke kwa shida. Propani ndiyo inayohimili baridi.

Basi mtungi uwekewe ubao, usikae kwenye ardhi baridi. Jiko likingiwe upepo kwa mawe, mtungi ukibaki nje ya kinga. Sufuria ifunikwe. Maharage? Yaachwe nyumbani, maana maji huko huchemka kwenye nyuzi 85 hivi tu.

Hata upepo ukizidi, jiko lisiingizwe kwenye hema la kulala. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu usingizini.