VIBONZO: TUVICHANE AU TUVITUNDIKE?

Ni nani kati yetu ambaye hajapata kufungiwa maandazi kwa gazeti, akatafuta kibonzo kwanza kabla hajasoma habari? Kibonzo ni mchoro wa kumtia mtu chumvi. Mwenye pua ndefu kidogo hupewa mkonga, na mwenye kitambi hupewa pipa. Wengi hucheka kisha wakatupa karatasi. Mimi huikata, nikaandika tarehe na jina la gazeti nyuma yake kwa penseli, nikaiweka. Wenzangu darasani hawachoki kuniuliza, "Wewe, hayo makaratasi ni ya nini?" Basi leo nitawajibu.

Huko Uingereza kuna watu wanaonunua vibonzo vya enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901, wakavitia katika fremu za kioo. Vinavyopendwa sana ni vya Vanity Fair, jarida la London lililotoka kuanzia 1868 hadi 1914. Kila wiki lilikuwa na picha ya rangi ya mtu mashuhuri. Wachoraji wake walijificha nyuma ya majina ya utani: Ape alikuwa Mwitaliano Carlo Pellegrini, na Spy alikuwa Leslie Ward. Hata Stanley, yule tunayemsoma katika historia kwamba alimtafuta Livingstone, alichorwa humo mwaka 1872.

Picha hizo zilichapwa kwa mawe, na hapa pananifurahisha sana. Mafuta na maji hayapatani, sivyo? Mchoro huwekwa juu ya jiwe laini kwa kalamu ya mafuta, kisha jiwe likaloweshwa maji. Wino ukipakwa unashika penye mafuta tu. Kila rangi ina jiwe lake. Kwa hiyo ukiazima lenzi ya maabara na kuiangalia picha ya asili, huoni vidoto vilivyojipanga safu kwa safu kama vya vitabu vyetu. Ukiviona, jua umeuziwa nakala.

Mimi sina hata moja ya asili. Ninazo fotokopi, nyingi zikiwa za jarida jingine la London, Punch, lililoanzishwa 1841. Moja bila shaka mmeiona katika vitabu vya historia: Cecil Rhodes amesimama juu ya Afrika, buti moja Misri na buti nyingine kule Rasi ya Tumaini Jema, ameshika waya wa simu mikononi na bunduki iko mgongoni. Aliichora Linley Sambourne mwezi Disemba 1892. Sisi wa Garissa tuko hapo mahali fulani katikati ya buti mbili!

Ya pili ndiyo iliyoleta ugomvi katika chama chetu. Ni ya Aprili 1894. Mzungu mnene, John Bull, ambaye ndiye Uingereza yenyewe, amefungua mlango akakuta kitoto cheusi kimetupwa kizingitini. Kitoto hicho kimeandikwa "Uganda". Naye analalama kama aliyeongezewa mzigo, kana kwamba kuna aliyembisha hodi kumwomba alee. Miezi michache baadaye Waingereza wakaitangaza Uganda kuwa himaya yao, na mwaka 1895 ikafuata nchi yetu.

Nilipotaka kuitundika picha hiyo katika maonyesho yetu ya ukutani, baadhi ya wanachama walisema ni matusi, ichanwe. Msichana mmoja aliuliza, "Kwani tutajitukana wenyewe?" Swali zuri hilo. Lakini mimi sikubali ichanwe. Yaliyoandikwa katika mikataba yana maneno matamu kuhusu ustaarabu na urafiki. Kibonzo kinatoboa walichokuwa wakichekea mezani. Tukikichana, wao bado wanacho katika maktaba zao, na sisi ndio tutakaokosa ushahidi. Ila kisitundikwe peke yake kama pambo. Kiwekewe karatasi chini yake inayosema nani alichora, lini, na nani hakuulizwa.

Aidha, tusidhani mambo hayo yalikwisha na Victoria. Katika faili langu, vibonzo vya magazeti vinavyotuhusu sisi wa Kaskazini Mashariki vingi vina ngamia aliyekonda, gunia la msaada au bunduki. Sijapata hata kimoja cha mwalimu wa hesabu au mama anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Tangu 1996 ngamia wa Garissa wamebeba vitabu vya maktaba kupeleka kwa wafugaji, lakini ngamia huyo sijamwona kwenye kibonzo. Hivyo navyo natundika.

Nisiwaonee wachoraji, wapo mashujaa. Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeanza kuchorea Nation mwaka 1992, alimchora Uhuru Kenyatta na tufe la chuma na mnyororo mguuni kwa ajili ya kesi ya The Hague. Kibonzo kinachomcheka mkubwa na kile kinachomcheka mnyonge si ndugu hata kidogo.

Sasa utunzaji. Karatasi ya gazeti inageuka manjano upesi ikipigwa na jua, na jua letu mnalijua. Usitumie selotepu, inaacha doa la kahawia. Uji mzito wa unga wa ngano unatosha. Lakini mchwa wanaupenda uji huo, kwa hiyo faili likae juu ya rafu ya chuma, kamwe si sakafuni.

Nyumbani hatutundiki picha za watu, mama hataki mahali tunaposwalia, na mimi namtii. Faili hukaa ndani ya sanduku la abti. Ndiyo sababu nimeomba ukuta wa darasa la Kidato cha Tatu, ule wa upande wa kaskazini usiopata jua la jioni. Mwenye gazeti la zamani nyumbani asilifungie nyama kabla sijaliona.